Gripe, Korona na Orodha: Njia Ndefu ya Chanjo za Kifua Mpaka Kwetu

Wandugu, mvua zikianza hapa Nakivale, kikohozi kinapita nyumba kwa nyumba. Sisi wa Kivu tunaita gripe. Majirani zetu Warundi na Wanyarwanda wanasema ibicurane, Wasomali wanasema hargab, na Kiswahili cha kitabu kinasema mafua. Majina mengi, ugonjwa ule ule. Kwa kijana ni siku tatu nne za kulala. Kwa mtoto wa miezi sita, kwa mama mjamzito, kwa mzee mwenye sukari, unaweza kugeuka nimonia, na nimonia inaua.

Wengi wetu tuna ndugu waliopanda ndege kwenda Kanada au Marekani. Kila mwezi wa kumi wanatuambia kwenye simu: leo tumedungwa chanjo ya gripe, pale pale kwenye duka la dawa, dakika tano tu. Halafu swali linakuja lenyewe: na sisi je? Mbona huku hatujawahi hata kuisikia ikitangazwa?

Jibu fupi: katika chanjo za kawaida ambazo serikali hapa Uganda inatoa, ya gripe haimo. Jibu refu ni historia, na ndiyo tunataka kuandika leo. Tumeona kwamba kila mara ugonjwa wa kifua ulifika kwetu haraka kuliko dawa yake. Na dawa ilipochelewa, mara nyingi sababu ilikuwa ni orodha: nani ameandikwa, nani amesahauliwa.

1918: ugonjwa unapanda reli

Tuanzie vita ya kwanza ya dunia. Huku Afrika ya mashariki vita ile ilipiganwa kwa miguu na kwa migongo ya watu. Wazungu wa pande zote walichukua mamia ya maelfu ya wapagazi kubeba risasi na chakula. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, yametoka kwenye kile kikosi cha wabebaji cha Waingereza, Carrier Corps. Wakongomani pia walibebeshwa mizigo nyuma ya jeshi la Wabelgiji mpaka Tabora ikatekwa mwezi wa tisa 1916.

Watu hao walikuwa wamechoka, wana njaa, wanalala wamebanana. Mwezi wa tisa 1918 gripe ile kubwa, ambayo dunia inaiita homa ya Kihispania, ikashuka bandarini Mombasa. Kutoka pale ilipanda reli kwenda bara. Katanga nayo iliipata kwa reli, ikitokea kusini. Jeshi la Wajerumani liliweka silaha chini mwezi wa kumi na moja 1918, na askari na wapagazi wake wengi wakafia kambini Tabora, vita ikiwa imekwisha. Duniani kote makadirio mengi yanataja watu milioni 50 waliokufa.

Je, chanjo ilikuwepo? Zilitengenezwa za kubahatisha. Madaktari wa wakati ule waliamini gripe inaletwa na bakteria, kwa hiyo wakatengeneza chanjo za bakteria, ikiwemo Afrika Kusini. Kwa ugonjwa wenyewe hazikusaidia, maana adui alikuwa kirusi, na kirusi cha gripe ya binadamu kilipatikana maabara mwaka 1933 tu, London, kwa kazi ya Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw.

Somo la 1918 kwetu sisi ni hili: gripe inafuata watu waliohamishwa. Kambi, treni, meli, foleni ya chakula, hizo ndizo njia zake. Kwa hiyo mtu akisema wakimbizi si watu wa kwanza wa kufikiriwa kwenye magonjwa ya kifua, mwambie asome habari ya Tabora.

Chanjo inayotaka kutengenezwa upya kila mwaka

Chanjo ya kweli ya gripe ilitoka jeshini. Marekani ilikumbuka askari wake waliokufa 1918, ikawapa kazi watafiti kama Thomas Francis na Jonas Salk. Mwaka 1945 wanajeshi wakaanza kudungwa, na 1946 raia pia. Watu wakafurahi. Lakini 1947 chanjo ile ile ikashindwa: kirusi kilikuwa kimebadilika, kinga ya jana haikikitambui tena.

Hapo ndipo tofauti na chanjo ya surua. Ya surua mtoto anapata dozi zake mbili, basi, ni ya maisha. Gripe inabadilisha sura kila wakati, kwa hiyo lazima kuwe na watu wanaoiangalia kila siku. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianzisha mtandao wa maabara kwa kazi hiyo. Maabara ya Entebbe, ile iliyoanza 1936 kwa ajili ya homa ya manjano na leo inaitwa Uganda Virus Research Institute, nayo imo kwenye mtandao huo.

Mara mbili kwa mwaka wataalamu wanakaa: mwezi wa pili wanachagua chanjo ya nchi za kaskazini, mwezi wa tisa wanachagua ya nchi za kusini. Viwanda vinapewa karibu miezi sita kutengeneza, ili dozi ziwe tayari kabla ya baridi.

Sasa angalieni ramani. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hatuna baridi ya theluji. Gripe yetu inazunguka mwaka mzima, inapanda na kushuka. Nchi yetu inapaswa kutumia chanjo ipi, ya kaskazini au ya kusini? Na mwezi gani? Kalenda yote imepangwa kwa watu wenye majira ya baridi. Pamoja na bei, hii ni sababu moja ya nchi nyingi za ukanda wetu kusitasita. Kenya ilijaribu kusogea: mwaka 2016 kamati yake ya ushauri wa chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chanjo ya gripe kila mwaka, ile ya kusini. Kupendekeza ni hatua, ila pendekezo bila pesa halijazi friji ya kituo cha afya.

Kuna mazoea mabaya pia, ya kufikiri kwamba gripe ni ugonjwa wa wazungu na sisi tunakufa na malaria tu. Si kweli. WHO inakadiria kwamba gripe ya kila mwaka inaua kwa matatizo ya kupumua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani. Na kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa nimonia ya gripe, karibu wote wako katika nchi kama zetu. Huku mtoto akifa kwa "kifua", hakuna anayepima kujua kirusi gani. Anazikwa, na hesabu inakwenda bila yeye.

Pua zetu zilishahesabiwa

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna aliyewahi kupima. Nchini Kenya, katika kambi za Dadaab na Kakuma, watafiti walianza mwaka 2007 kuchukua sampuli za pua na koo kwa wagonjwa wa kifua. Kwa watoto wadogo walikuta virusi vingi: gripe, na kile kinachoitwa RSV, ambacho ndicho kinachowabana kifua watoto wachanga zaidi. Kumbe kambini virusi hivi viko siku zote. Ushahidi ulitoka puani kwa wakimbizi wenyewe, ukaandikwa kwenye majarida ya kisayansi.

Hilo ni jambo zuri. Lakini linaleta swali la haki ambalo nchi moja iliwahi kuliuliza kwa sauti. Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kupeleka nje sampuli zake za gripe ya ndege. Waziri wake wa afya, Siti Fadilah Supari, alisema: sisi tunatoa virusi, makampuni yanatengeneza chanjo, halafu chanjo hiyo tunauziwa kwa bei tusiyoiweza. Wengi walimkasirikia, wakasema anahatarisha dunia. Lakini mabishano yale yalizaa makubaliano ya mwaka 2011 yanayodai kwamba wanaofaidika na sampuli warudishe kitu, zikiwemo dozi, siku janga likija.

Katikati ya mabishano hayo gripe mpya ya H1N1 ikatokea. WHO ilitangaza janga tarehe 11 Juni 2009. Nchi tajiri zilikuwa tayari na mikataba na viwanda, zikachukua karibu dozi zote za mwanzo. WHO ikakusanya misaada, ikafikisha dozi milioni 78 kwa nchi 77. Kwa nchi nyingi zilifika mwaka 2010, wimbi limeshapita. Bahati gripe ile haikuwa kali kama ya 1918. Dunia ikasahau, na somo halikusomwa.

Korona: foleni moja, serikali nyingi

Halafu ikaja Korona, na hii hatuhitaji kitabu, tuliiona wenyewe. Mwezi wa tatu 2020 Uganda ilifunga mipaka, hata kwa wanaokimbia vita. Mwezi wa nne mgao wa chakula ulikatwa asilimia 30, na mwezi wa pili 2021 ukafika asilimia 40. Shule zilifungwa, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Umbali wa mita mbili kwenye bomba la maji la kijiji kizima? Tulijaribu.

Chanjo ilipopatikana, swali la orodha likarudi. Mwezi wa kwanza 2021 Yordani ikawa nchi ya kwanza kuwadunga wakimbizi, na tuliposoma habari hiyo tulitumiana usiku mzima. Tarehe 5 Machi 2021 Uganda ilipokea dozi 864,000 za AstraZeneca kupitia COVAX, na tarehe 10 Machi kazi ikaanza: wahudumu wa afya, walimu, askari, wazee, wenye magonjwa ya kudumu. Wakimbizi walikuwa ndani ya mpango wa taifa.

Hili halikutokea kwa huruma ya siku moja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya huduma, na mwaka 2019 Wizara ya Afya ilikuwa imeshatoa mpango wa kuunganisha afya ya wakimbizi na ya wenyeji. Kituo cha afya ni kimoja: mwenyeji wa Isingiro na mkimbizi wanakaa benchi moja. Kwa hiyo chanjo ilipofika, jina letu lilikuwa na mahali pa kuandikwa. Tofauti yake na 2009 ni kubwa.

Hata hivyo karatasi ilisumbua. Mwanzoni ilisemwa mtu alete kitambulisho cha taifa, na hata Waganda wengi hawana. Watetezi wa haki wakapeleka jambo mahakamani, na serikali ikakubali vitambulisho vingine. Kwetu hapa kitambulisho cha mkimbizi na ile karatasi ya familia vilitosha. Asiye na vyote viwili, yule aliyefika juzi akitoka Rutshuru, yeye ndiye alibaki nje ya mlango.

Halafu dozi zikakatika. India, ambako kiwanda kikubwa kilikuwa kinatengeneza, ilizuia kuuza nje wimbi la Delta lilipowachoma wenyewe. Hapa Uganda mwezi wa sita 2021 tukafungiwa siku 42, na waliopata dozi ya kwanza wakangojea ya pili bila kujua lini.

COVAX ilikuwa imetenga pia akiba kwa watu wasiofikiwa na serikali yoyote, hadi asilimia 5 ya dozi. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Lakini makampuni yalitaka mtu wa kubeba lawama ya kisheria kama chanjo ikimdhuru mtu, na mashirika ya misaada hayana pesa ya kubeba mzigo huo. Dozi nyingi hazikutoka. Sisi wa Uganda tulipona kwa sababu tulikuwa kwenye orodha ya serikali. Wenzetu wa nchi ambazo mkimbizi haandikwi, hawakupona hivyo.

Uoga ulitoka wapi

Wafanyakazi wengi wa misaada waliandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi "wanasitasita". Tunaomba tueleze, maana uoga una historia yake.

Katika foleni ya Nakivale walisimama watu wenye simu zinazoleta habari za serikali nne. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 tarehe 2 Machi 2021, ikasimamisha kuanza kwa sababu Ulaya walikuwa wanachunguza habari ya damu kuganda, ikaanza tarehe 19 Aprili, halafu ikarudisha karibu dozi milioni 1.3 zipewe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Tanzania haikupokea chanjo mpaka Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipodungwa mbele ya kamera tarehe 28. Burundi ilianza mwezi wa kumi 2021. Sasa mama mzee wa Kifizi anauliza: nyumbani wamezirudisha, mimi nidungwe hiyo hiyo? Huyo si mjinga. Amesikiliza redio.

Na wengi wetu tulitoka Kivu ya Kaskazini, ambako Ebola ya 2018 hadi 2020 ilikutana na vita. Mwezi wa kumi na mbili 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, sababu mojawapo ikitajwa kuwa Ebola, huku sehemu kubwa ya nchi ikipiga kura. Watu wakaona ugonjwa umegeuzwa siasa. Vituo vya matibabu vikashambuliwa, wahudumu wakauawa. Wakati huo huo chanjo ya Ebola iliokoa watu wengi sana. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu anayatembeza yote mawili kichwani anaposikia neno sindano.

Hapa ndipo vijana tulipata kazi. Wauguzi wanaongea Kinyankole na Kiingereza, wazee wetu wanaongea Kifuliiru, Kibembe, Kinyabwisha. Tulikaa kwenye mabenchi kutafsiri pamoja na wale wahudumu wa kijiji, VHT. Maswali tuliyoyasikia hayakuwa ya sayansi sana. Jina langu litaandikwa wapi? Nikikataa, chakula kitakatwa? Nikikubali, kesi yangu ya kuhamishwa itasogea? Nani atanitunza watoto nikipata homa siku mbili? Mzee akijibiwa haya kwa lugha yake, mara nyingi alikunja mkono wa shati mwenyewe. Asipojibiwa, bango la rangi ukutani halikumwambia kitu.

Leo, na kesho

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya Korona tarehe 5 Mei 2023, na COVAX ikafungwa mwisho wa mwaka huo. Virusi vyenyewe havikufungwa. Korona sasa inazunguka pamoja na gripe na RSV kama majirani watatu. Chanjo nazo zimeongezeka: mwezi wa tatu 2025 WHO ilithibitisha ubora wa chanjo ya kwanza ya RSV ya mama mjamzito, ambaye akidungwa miezi ya mwisho mtoto anazaliwa na kinga. Kwa gripe pia, tangu 2012 WHO inawataja wajawazito miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa. Katika kliniki zetu za wajawazito bado hatujaziona hizo mbili.

Kwa hiyo, kutokana na historia hii, tunasema mambo machache.

Kwa vijana wenzetu: tunza kadi ya chanjo ya mdogo wako kama unavyotunza karatasi ya familia. Chanjo zake za kawaida, ikiwemo ya nimonia na ya surua, zinalinda mapafu yale yale ambayo gripe inayashambulia. Mtoto akipumua haraka sana, au kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, usingojee asubuhi. Mama akienda kliniki ya mimba, aulize: kuna chanjo gani kwa ajili yangu? Hata kama jibu ni "hakuna", swali likiulizwa na mama mia moja linaandikwa mahali.

Kwa wajumbe wetu wa RWC: mikutano ya mipango ya afya ya wilaya inafanyika kabla dozi hazijaagizwa. Huko ndiko orodha inazaliwa. Kwenda kulalamika dozi zikiisha ni kuchelewa.

Kwa nyie mnaofanya kazi na mashirika: tunawaheshimu, wengine wenu mliugua pamoja na sisi. Mkichukua sampuli kwetu, rudini mtuambie mlikuta nini. Mkileta chanjo, leteni mtafsiri kabla ya kuleta bango. Na mkihesabu watu, mhesabuni pia yule aliyefika jana usiku na hajapata karatasi, maana kirusi hakimwombi kitambulisho.

Wapagazi wa Tabora hawakuwa na chanjo ya kungojea. Dunia yote haikuwa nayo. Sisi tunaishi wakati ambao chanjo ipo, kiwanda kipo, na ndege ipo. Kinachobaki ni kuandikwa mapema, na kuandika wenyewe.

Kama mzee wako ana kumbukumbu ya gripe au ya chanjo za zamani, za Zaire, za Rwanda, za Burundi, za Mogadishu, muulize wiki hii, utuandikie. Tutaziweka pamoja.